Jumapili ya Mshumaa wa Waridi

Skolastika alikuwa ameshajiapia: Jumapili hii ikipita bila mtu kuingia, anakifunga kikanisa, na padri akija Krismasi anamkabidhi ufunguo wake. Basi. Mwaka mzima alikuwa akisali mbele ya mabenchi, na mabenchi, Mungu ayasamehe, hayajui hata kuitikia "Amina."

Zamani walijaa. Walimu, polisi, manesi waliopangiwa kazi hapa kisiwani kutoka bara. Kisha uhamisho ukawachukua mmoja mmoja, na mumewe akachukuliwa na ule uhamisho usiokatiwa rufaa. Akabaki yeye na kiti kitupu karibu na mlango. Kwao Songea, bibi yake alikuwa akitenga kiti kama hicho kila Majilio, majuma ya kuingoja Krismasi, kiti cha mgeni asiyetajwa jina. Skolastika alikipangusa kila Jumapili. Vumbi ndilo pekee lililokuja kukaa.

Leo ilikuwa Jumapili ya tatu ya Majilio, ya mshumaa wa rangi ya waridi, siku ambayo waumini wanatakiwa kufurahi. Aliuwasha, akajaribu kufurahi, ikamshinda. Wimbo ukamkwama kwenye ubeti wa kwanza. Akautazama mlango ulio wazi mpaka jua likafifia. Hakuja mtu. Hata mbuzi wa jirani, ambaye huingia bila kualikwa, leo alisusa.

Akauzima mshumaa. Akatoka na kufuli.

"We Mama Skola!" Alikuwa Bi Mwanakhamis, jirani wa ng'ambo ya njia, ambaye majamvi yake ya kuanikia karafuu yalitanda uwanja mzima. "Usifunge! Mvua hiyo! Kwangu kwavuja, na karafuu zote zi nje!"

"Bi Mwanakhamis, hili ni kanisa."

"Kwani karafuu zina dini? Shika pembe hiyo!"

Wakasukuma mabenchi ukutani, wakaburuta jamvi baada ya jamvi. La mwisho liliingia matone yakiwa yameshaanza kupiga bati. Bi Mwanakhamis akajitupa kwenye kiti cha karibu na mlango, akajipepea kwa ncha ya kanga.

Skolastika akafungua kinywa amwambie kiti hicho kina mwenyewe. Akakifumba. Machozi yakamtoka.

"Mbona walia? Karafuu zimepona."

"Nilikuwa nafunga."

"Si utafungua Jumapili?"

"Sifungui tena. Nimechoka kumngoja mtu."

Bi Mwanakhamis akachota karafuu kiganjani, akaziminya.

"Mie sikuja kusali, usijidanganye," akasema. "Lakini hizi hazijakauka. Asubuhi nazitoa, jioni nazirudisha. Sasa utafunga vipi?"

Skolastika akaliokota kufuli. Mumewe hakurudi, walimu hawakurudi, wimbo ulikuwa bado umemkwama palepale. Kanisa lilikuwa tupu kama jana, ila lilinukia mpaka likawasha macho. Akaliangika msumarini, likiwa wazi.

"Hebu washa hicho kishumaa chako," Bi Mwanakhamis akasema, akipapasa sakafuni kwa mguu. "Giza hili, sikioni kiatu changu."

Skolastika akauwasha mshumaa wa waridi.