Akihesabu Riveti

Mume wangu Anguzu akihesabu riveti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati ya behewa, haitikii mtu. Mwite chakula kimeiva, mwite mvua inanyeshea nguo kambani, mwite kwa jina la ubatizo, Albert, ambalo halipendi. Atainua kidole kimoja bila kugeuka, maana yake ngoja. Akijibu, hesabu inapotea, na ikipotea lazima aanze upya. Miaka yote nilikicheka kile kidole. Siku hizi nikikiona kinainuka sicheki, na nitasema kwa nini.

Anguzu ni fundi bati hapa Arua, Uganda. Sufuria, mifereji ya maji ya mvua, masanduku ya wanafunzi, hivyo ndivyo vinavyotulisha. Lakini moyo wake uko kwenye mabehewa. Baba yake alikuwa mpakiaji stesheni ya Pakwach enzi treni ilipokuwa inafika, na yeye alikulia katikati ya marobota ya pamba na tumbaku. Treni iliacha kuja, yeye hakuacha kuingoja. Anachukua mikebe ya mafuta ya kupikia, anaikata, anaikunja, analehemu, mpaka anatoa behewa la mizigo la kubeba kwapani, lenye kila kitu alichokuwa nacho baba yake mbele ya macho. Usiliite kitu cha kuchezea watoto. Ukiliita hivyo, siku hiyo hamtakula pamoja.

Sheria yake ni moja. Kilichokuwepo kwenye behewa la kweli kitakuwepo kwenye lake, kionekane kisionekane. Kwa mfano, chini ya mlango wa kusukuma kuna vyuma viwili vidogo vilivyopinda kama vidole. Alivichonga kwa tupa mpaka macho yakamvimba, mimi nimemshikia taa.

"Baba Shakirah," nikamwambia, "ni nani huyo atakayelala chini atazame uvungu wa behewa?"

"Sikiliza. Mlango mzima umening'inia juu, kwenye reli yake. Huku chini unashikwa na hivi viwili tu. Vikitoka, mlango unapepea kama pazia."

Nikacheka, nikasema pazia lake ni zuri, sasa twende tukale. Mzaha mzaha hutumbua usaha.

Halafu tukasikia habari za Koboko. Mfanyabiashara mmoja wa Sudan Kusini, Mzee Tombe, alikuwa amenunua behewa la kweli la aina ileile. Magurudumu hayakuwepo, lilikuwa mwili mtupu uliobebwa kwa lori, akaliweka uani kwake njia ya kwenda Midia kuwa stoo ya mahindi na simsim. Anguzu aliposikia, hamu ya kazi nyingine ikamwisha. Nje ya behewa alikuwa nayo kwenye picha. Lakini ukuta wa mwisho kwa ndani, na mistari yake ya riveti, hakuna mtu aliyewahi kuupiga picha. Nani angehangaika kupiga picha ukuta? Aliomba ruhusa kwa simu, akakubaliwa, tukaenda wote wawili. Mimi nilitaka samaki wakavu wa soko la Koboko.

Mzee Tombe alitupokea akiwa tayari na ufunguo wa gari mkononi. "Karibu, karibu. Pima mpaka uchoke, mzee. Mimi nakwenda Oraba, iko mizigo pale mpakani. Stoo iko wazi. Pasca iko hapa, yeye ndiyo nachunga kila kitu."

Pasca alikuwa mwanamke Mkongo, mfupi, mwenye haraka. Alitusalimia kwa mikono miwili na kurudi kushona magunia nyuma ya nyumba.

Anguzu alilizunguka behewa akiwa na tepu yake, akilipapasa. Kisha akasimama, akanuna. Matundu ya hewa yaliyokuwa juu, kwenye ncha zote mbili, yalikuwa yamezibwa kwa bati na saruji.

"Wameliziba pua," akasema.

Tombe, ambaye alikuwa tayari ndani ya gari, alicheka. "Dawa ya wadudu inatoroka, mzee. Lazima nafunga." Akaondoka.

Mimi nilijua atakachofanya huko ndani kwa sababu alikuwa ameniimbia wimbo huo njia nzima. Ataingia mpaka mwisho, nyuma ya magunia, halafu mlango atauvuta urudi karibu kufunga. Riveti iliyoanguka inaacha tundu, na kukiwa giza jua la nje linakuonyesha kila tundu lilipo. Hapo ndipo ataanza kuhesabu. Simu yake alinitupia mkobani ili isimsumbue. Mkobani humohumo lilikuwemo behewa letu dogo, limefungwa kwa kitenge, alilokuwa amekuja nalo kulinganisha. Nikaenda sokoni na mkoba wangu begani, nikiwaza samaki.

Niliporudi jua lilikuwa kali. Ngazi aliyopandia Anguzu kupima juu ilikuwa bado imeegemea behewa. Pasca alikuwa bombani ananawa, anasugua sabuni mpaka viwiko, kitambaa kimemfunga pua na mdomo. Alikishusha aliponiona, akatabasamu.

"Pasca, mzee wangu iko wapi?"

"Mzee? Si alikufuata soko?"

"Hapana. Alikuwa ndani ya stoo."

Mikono yake iliacha kusugua. "Mimi naweka dawa ndani ya stoo, Mama. Mzee Tombe alisema leo ni siku ya dawa. Naweka, nafunga."

"Uliita kwanza?"

"Niliita. Mara mbili. Nasema, iko mutu ndani? Iko mutu? Hapana mutu anajibu. Iko giza tu."

Nilikiona kile kidole. Nakuapia, nilikiona pale pale bombani, kimeinuka gizani nyuma ya magunia, mahali ambapo macho ya Pasca hayangefika. Nilikimbia mpaka mlangoni.

Kufuli lilikuwa kubwa kama ngumi. Nikapiga bati kwa viganja. "Anguzu! Anguzu!"

Sauti yake ilitoka mbali, kutoka ule mwisho. Tukiwa wawili tunasema Kilugbara, na alisema taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Mama Shakirah, mlango umefungwa. Na humu kuna kitu kinanuka. Kinanuka samaki aliyeoza."

Sikuwa na namna ya kulisema taratibu. "Ni vidonge vya mahindi. Pasca ameweka vidonge."

Kila mtu wa huku anavijua vidonge hivyo. Vinatoa moshi usioonekana, mdudu anakufa, panya anakufa, na mtu aliyelala chumba kimoja na magunia anakutwa asubuhi amekuwa baridi.

"Viko wapi?" akauliza.

Nikamgeukia Pasca. Alikuwa amenifuata, povu la sabuni bado mikononi. "Katikati ya magunia," akasema. "Karibu na mulango. Mingi."

Kwa hiyo asingeweza kuja mlangoni. Njia ya kutokea ndiyo iliyokuwa na sumu, na alikokuwa hakukuwa na njia. Nilizunguka mbio mpaka ule ukuta wa mwisho. Kule juu pua ya behewa ilikuwa imezibwa kwa saruji. Lakini usawa wa kiuno changu palikuwa na tundu la riveti iliyoanguka, dogo, penseli ingepita kwa shida. Ndani ya tundu hilo niliona kitu chekundu kinachosogea. Ilikuwa midomo ya mume wangu. Alikuwa amepiga magoti, amebandika mdomo pale anavuta hewa ya nje.

Sijawahi kuogopa hivyo. Wakati wa vita niliogopa, nikiwa mtoto, lakini wakati ule nilikuwa na mama wa kunishika mkono. Pale nilikuwa mimi na tundu.

Pasca alikuwa anampigia Tombe. Kila mara simu ilijibu kwa lugha ya mtandao wa ng'ambo kwamba hapatikani, kama kawaida ya simu za mpakani. Akatupa simu chini, akakimbilia barabarani akipiga ukelele. Akarudi na vijana wapakiaji na fundi wa bodaboda aliyekuwa na kibanda getini, jina lake Drani, ameshika nyundo. Drani akapiga kufuli. Akapiga komeo. Chuma cha reli ni chuma, nyundo iliruka tu ikarudi. Mmoja akasema shoka, mwingine akasema panda Oraba kwa pikipiki, na wote walisema kwa pamoja.

Mimi nilirudi tunduni. "Hesabu," nikamwambia. "Hesabu nikusikie."

Akaanza kuhesabu kwa sauti, akivuta pumzi kila baada ya namba. Kwa masikio haya mawili nilisikia namba zikipungua kasi. Kisha akatapika. Kisha zikarudi, nyembamba zaidi. Kisha sikusikia kitu.

"Anguzu."

Kimya. Ndani ya tundu palikuwa na giza tu, midomo haipo.

Hebu fikiria mwanamke aliyeishi na mtu asiyeitika. Maisha yangu yote ya ndoa kimya chake kilikuwa na maana ya kwamba yuko, anafanya kazi, ngoja. Sasa nilisimama na kimya kilekile, na sikujua kama kinasema ngoja au kinasema kwaheri. Nililia kwa hasira. Nililia nikimtukana yeye na riveti zake na reli yake na mkoloni aliyeijenga.

Ni katika kumtukana ndipo liliponijia lile pazia lake.

Nilifungua mkoba, nikalifungua fundo la kitenge kwa meno, maana lilinikatalia vidole. Nikalitoa behewa dogo, nikamkimbilia Drani, nikaligeuza miguu juu mbele ya macho yake.

"Hizi," nikasema. "Chuma mbili hizi. Mlango imening'inia juu, huku chini inashikwa na hizi tu. Fungua hizi."

Alilitazama behewa la mkebe, akanitazama mimi, nadhani akidhani nimeshachanganyikiwa. Kisha akalala kifudifudi kwenye vumbi na kutazama chini ya mlango wa behewa kubwa. Vilikuwepo. Vimejaa kutu na udongo, lakini vilikuwepo palepale Anguzu alipoviweka vyake, na kila kimoja kina boliti yake.

"Spana," Drani akasema. "Na dizeli, haraka."

Boliti ya kwanza ilitoka ikilia. Ya pili ilikataa. Alimimina dizeli, akagonga, akaning'inia kwenye spana na mwili wake wote, na mimi nikasukuma mgongo wake, upuuzi mtupu, lakini mikono yangu ilihitaji kazi. Ikakatika. Vijana wakashika ukingo wa chini wa mlango, wakavuta. Juu ulishikwa na reli yake, ubavuni ulishikwa na kufuli, lakini chini ulitoka nje, ukaacha nafasi ya mtu kupita kwa tumbo. Harufu ilitupiga wote tukarudi nyuma.

Nilitaka kuingia. Drani alinishika. "Mama ni mukubwa, hapana pita."

Pasca alilowesha kitambaa, akajifunga, akavuta pumzi moja ndefu na kuingia. Tuliona nyayo zake zikipotea. Alipotokea tena alikuwa anarudi kinyumenyume, anamburuta mume wangu kwa miguu, na hakuwa amevuta pumzi nyingine mpaka alipotoka. Alianguka kando yake, akakohoa, akasema, "Mimi nilifunga. Mimi nafungua."

Anguzu alikuwa na rangi ya majivu, na midomo yake ilikuwa imechubuka duara kwa kubanwa kwenye bati. Lakini kifua kilipanda.

Hospitali waliwaweka wote wawili kwenye hewa ya mtungi. Daktari alinieleza kwamba dawa ile ina uchoyo, inaweza kumwachia mtu leo na kumrudia kesho moyoni, kwa hiyo tungoje. Tulingoja. Niliketi katikati ya vitanda viwili, mkono mmoja kwa Anguzu, mwingine kwa Pasca, na Mzee Tombe akasimama mlangoni ameshika kofia. Pasca alipona upesi. Anguzu alichukua muda, lakini alipona.

Siku alipoweza kukaa alinivuta karibu. "Nilimsikia," akasema.

"Ulimsikia nani?"

"Pasca. Nilimsikia akiita, mara zote mbili. Nilikuwa mstari wa mwisho, zimebaki chache." Akatazama mkono wake juu ya shuka. "Nilimwinulia kidole."

Nilikichukua kile kidole nikakishika mpaka chakula kilipoletwa.

Sasa tumerudi Arua na yuko kazini tena, maana huwezi kumzuia mtu kupenda. Anatengeneza behewa la pili, hili lina ukuta wa ndani. Mimi niko jikoni. Chakula hakijaiva, mvua hainyeshi, sina haja naye yoyote, lakini kimya kikizidi namwita.

"Anguzu."

Mkono unaanza kuinuka. Nauona kupitia mlangoni, unafika begani, unasimama. Halafu unashuka.

"Niko," anasema.

Na anaanza tena kutoka moja. Ule ukuta haujaisha hadi leo.