Kioo cha Fedha Juu ya Mafiga

Avelina alikuwa mbishi, jamani, mbishi wa kuzaliwa! Dokta Othmar, mwalimu wake chuoni, alisema mpaka koo likamkauka. Kifaa alichokuwa akibuni Avelina, cha kupima sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, kinahitaji kioo kilichopakwa utando mwembamba wa metali. Mwanga ukiupiga, elektroni zake hucheza. Sumu ikiugusa, mchezo hubadilika, na ndivyo inavyogundulika. Sasa metali ipi? Aluminiamu, kwa taa nyekundu ya Avelina, ilijikokota. Dhahabu ilicheza vizuri. Fedha ilizishinda zote, na Avelina akaipenda kama mchumba.

"Fedha inachafuka upesi," Dokta alionya.

"Nitaitunza," alijibu. Jumatatu angetaja metali moja mbele ya wafadhili. Akikosea, utafiti wake basi.

Akaja kijijini kwao Mbuji, akaacha vioo vitatu mezani, kimoja cha kila metali, akateremka kijiji cha Lundo kumsalimia shangazi. Aliporudi Jumapili, meza tupu.

"Shikamoo mama. Vioo vyangu viko wapi?"

"Marahaba. Nimevihifadhi."

Mama Bonifasia akaonyesha juu ya mafiga, kwenye dari la fito wanapoweka mbegu za mahindi. Kwa Wamatengo, kitu usichotaka kiharibike unakipandisha kwenye moshi, na hakuna mdudu anayesogea.

Avelina akavishusha. Fedha ilikuwa nyeusi tii.

"Mama! Umeniharibia maisha!"

Mama akanuna. Akatoka nje, akaketi barazani.

Avelina akafuta masizi huku analia. Weusi wa fedha ukagoma kutoka. Akawasha taa: wapi! Fedha imekufa. Kwa hasira akaweka dhahabu. Ikacheza kama siku ya kwanza.

Akaduwaa. Kwani kifaa chenyewe kingekaa wapi, kwenye maabara yenye kiyoyozi? Kingekaa jikoni humu humu, kwa akina mama. Fedha ingekufa wiki ya kwanza, ikiwadanganya kwamba ugali ni salama, na watoto wangekula sumu. Ubishi wake wote ukamtoka, akaona aibu na woga kwa pamoja.

Akampigia Dokta simu: "Nachukua dhahabu." Kisha akatoka barazani, akapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Umenionyesha metali ya kuchagua."

"Mimi sijui metali," mama alisema, bado kanuna. "Nilitaka tu vitu vya mwanangu visioze."