Mwalimu wa Lulu Jazz

Mwaka wa 1994, ukumbi wetu wa dansi wa Kilindini ulipokaribia kutimiza miaka arubaini, Joab, katibu wa kamati ya sherehe, aliniletea rasimu ya kijitabu cha historia ya bendi yetu, Lulu Jazz. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba mimi, Kaingu, mpiga tarumbeta, ndiye niliyewafunza wenzangu nyimbo zote, na ndiye niliyebuni ule mtindo wetu mashuhuri wa kupunguza kasi mwishoni.

Ulikuwa uongo. Katika bendi nzima hapakuwa na mtu aliyejua kusoma nota. Aliyetufunza ni Bi Razia, binti wa muuza santuri wa Kibokoni. Miaka ile ya hamsini, alasiri, baba yake akiwa msikitini, alikuwa akituwekea santuri huko ghorofani, kisha akimpa kila mmoja sehemu yake kwa kinanda: tarumbeta kwanza, saksafoni baadaye. Nasi, watu wazima wa bandarini, tulisimama kichochoroni chini ya dirisha lake. Kamani ya gramafoni ile, ile springi inayoizungusha santuri, ilikuwa imechoka, basi kila wimbo ulipungua kasi ukikaribia kwisha. Tukadhani ndivyo ulivyotungwa. Tukaupiga hivyo hivyo, na mji ukaucheza hivyo hivyo.

Joab alikiri kwamba aliyajua hayo. Esmail, mtoto wa kaka yake Bi Razia, ndiye mwenyekiti wa kamati, naye alimwamuru Joab alifute jina la shangazi yake. Hakutaka isemwe kwamba shangazi yake aliwahi kuwafunza muziki wanaume wa dansi.

Jina lilikuwa la mwenyewe, kwa hiyo nilikwenda Kibokoni kumwuliza. Bi Razia alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

“Miaka arubaini nawasikia wakikusifu wewe, Mzee Kaingu, nami nimenyamaza. Niandikeni. Na muandike pia kwamba ile sehemu ya pili ulikuwa ukiikosea kila siku.”

Kamati ilipokutana, mimi na wenzangu wawili tuliobaki wa bendi tukiwapo, niliwaeleza alivyosema. Esmail alinijibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

“Mzee wangu, sifa tunakupa wewe. Una hasara gani?”

“Hasara ni kwamba wajukuu wangu watasoma uongo wenye jina langu. Shangazi yako yu hai, na amekwisha kusema. Ama jina lake liingie, bwana, ama langu litoke.”

Akasema kijitabu kitapigwa chapa kama kilivyo. Nikaivuta rasimu, nikalikata jina langu kwa kalamu mbele yao, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Nilipomaliza, Charo, mpiga ngoma wetu, aliniomba kalamu, akalikata lake. Kazungu wa saksafoni hakuomba, aliinyakua.

Tukamrudishia mwenyekiti karatasi zake. Ukumbi ulikuwamo, tarehe zilikuwamo, hata picha yake mwenyewe ilikuwamo. Bendi haikuwamo.