Ubwiriunga kwenye Boneti

Jumatano asubuhi Fortunatus alichota ndoo mbili kwenye tangi la maji ya mvua, akaosha gari lake jeusi, akalikausha kwa fulana kuukuu, kisha akaanza kulipaka waksi kwa mizunguko midogo midogo, boneti kwanza, kama alivyoelekezwa na fundi wa Masasi. Jumamosi gari hilo lingempeleka kanisani binti yake, Yasinta. Wakwe walikuwa watu wa Masasi mjini, na macho yao hayakuwa ya kupita tu juu ya vitu.

Alipomaliza mlango wa mwisho na kurudi mbele, boneti ilikuwa imeota unga mweupe.

Akaufuta. Ukarudi kabla hajakunja kitambaa. Akapaka waksi mara ya pili, mpaka bega likamuuma, na unga ukaota juu ya waksi, ukashuka milangoni, ukazunguka taa. 

Nurdin, jirani yake, alikuwa akipita na jembe. Akasimama, akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa.

"Shikamoo Baba Yasinta. Gari lina ubwiriunga."

"Marahaba. Vumbi tu hili."

"Vumbi halioti. Ni ubwiriunga, ugonjwa uleule wa mikorosho yetu. Waksi haitibu. Hapa inatakiwa dawa ya salfa, ipulizwe alfajiri, umande ukiwepo." Akaenda zake shambani.

Salfa ndilo neno ambalo Fortunatus hakutaka kulisikia. Yeye ndiye aliyekabidhiwa mifuko sitini awagawie wakulima wa kijiji. Aligawa kumi na tano. Iliyobaki alimuuzia mfanyabiashara mmoja aliyepita njia ya Tandahimba, na gari likaja mwezi uleule. Wenzake aliwaambia lori la salfa limekwama njiani. Wakaendelea kulisubiri, huku maua ya mikorosho yakigeuka meupe, kisha meusi, kisha yakidondoka.

Kufikia Alhamisi jioni gari zima lilikuwa jeupe, na vioo vya pembeni vilikuwa vimeanza kunyauka kwenye ncha. Mkewe, Oliva, alilizunguka mara moja, akasema wakwe watauliza. Waliopita barabarani walimpa pole ya kuuguliwa. Hakuna aliyemuuliza gari limetoka wapi, na hilo lilimtia hofu kuliko kuulizwa. 

Ijumaa, jua halijachomoza, akabishiwa hodi. Alikuwa Bibi Dorika, mjane mwenye mikorosho thelathini, amebeba kifurushi kilichofungwa kwa khanga. Nyuma yake alisimama Nurdin na mashine ya kupulizia mgongoni, pamoja na majirani wengine, kila mmoja na kimfuko chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumechangishana salfa. Ni kidogo, tulikuwa tumeibana kwa mpulizo wa mwisho, lakini harusi ni kesho."

"Na mikorosho yenu, mama?"

"Lori si linakuja? Ulisema mwenyewe."

Fortunatus alifungua mdomo. Maneno yote ya kukiri yalikuwa pale pale kwenye ulimi, tayari. Akatazama boneti. Umande ulikuwa bado upo, lakini upande wa mashariki mbingu zilishaanza kupata wekundu.

"Linakuja," akasema.

Nurdin akawasha mashine. Unga wa njano ukalifunika gari lote, watu wakakohoa kidogo, kisha wakakung'uta mifuko yao na kwenda kunywa uji. Kufikia saa nne ubwiriunga ulikuwa umebanduka wote, na vioo vimenyooka. Fortunatus akapaka waksi mara moja tu. Ikashika.

Jumamosi wakwe walijitazama kwenye milango ya gari na kurekebisha tai zao. Walilisifu sana. Bibi Dorika alipiga vigelegele kuliko wote, akala pilau, akamshukuru mwenye nyumba.

Jumatatu Bibi Dorika akabeba kigoda mpaka njia panda, akaketi akiangalia upande ambao lori lingetokea. Fortunatus alipopita na gari, alipunguza mwendo ili asimrushie vumbi. Bibi akampungia mkono. Nyuma yake mikorosho thelathini ilikuwa myeupe mpaka kileleni.