Sauti ya Pili

"Kwenye albamu yetu hakuna uongo hata wa kupaka midomoni," Sellah aliiambia redio ya Lodwar Ijumaa asubuhi. "Sauti mbili, Mungu mmoja. Kila pumzi utakayosikia ni ya mwenyewe."

Mtangazaji akasema amina. Lakini wewe, ukimsikia mtu anausifia ukweli wake kabla hajaulizwa, kaa karibu na mlango.

Maana mambo yalikuwa hivi. Albamu ilikuwa na nyimbo nane, na kwenye jalada wasichana wawili wamekumbatiana: Sellah, binti wa karani wa maji aliyehamia Lodwar kutoka Vihiga, na Abuk, Mdinka wa kambi ya Kakuma, aliyefika pale na shangazi yake akiwa na miaka tisa. Walikutana kidato cha pili kwenye mashindano ya kwaya, wakagombania maikrofoni moja, wakaishia kuitumia pamoja. Tangu hapo wakaitwa Dada Ejok, kwa ile salamu ambayo Turkana hata mbuzi anaijua. Sellah aliimba juu. Abuk alishika sauti ya pili, nzito, ile inayokufanya utafute pa kukaa.

Sasa, mkimbizi hatoki Kakuma kwenda Lodwar kama anayekwenda kuteka maji. Lazima awe na kibali, na kibali cha Abuk kiliombwa mara tatu, kikachelewa mara tatu. Studio ya Byron, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani, walikuwa wamepewa wiki moja tu. Abuk akajifunika blanketi kichwani katika joto lile la mchana, akaimba nyimbo zote nane kwenye simu, akazituma. Byron akasikiliza mbili, akavua hedifoni. Alisema upepo wa Kakuma umeimba kumshinda Abuk, na jogoo ameingia kwenye kiitikio bila kualikwa.

Sellah alicheka. Kisha akasimama mbele ya maikrofoni, akaimba yeye mwenyewe sehemu za Abuk, zote, na Byron akaishusha sauti kwa kompyuta mpaka ikawa nzito kama ya mwenzake. Alipanga kumwambia Abuk jioni hiyo hiyo. Jioni ikafika, Abuk akawahi kupiga simu, akauliza kama wimbo wa tatu, ule aliomtungia marehemu mama yake, umetoka vizuri. Sellah akasema umetoka vizuri sana. Baada ya hapo, kila Abuk alipoomba atumiwe asikie, mtandao ulikuwa mbovu. Wiki tano, mtandao mbovu. Minara ya simu ya Lodwar ingekuwa na wakili, ingemshtaki.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili, kanisani kule kambini. Sellah alitoka Lodwar alfajiri na spika mbili kubwa za Byron. Njia nzima alifanya mazoezi ya kukiri. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri, yana mwanzo na yana mwisho. Aliposhuka tu, Abuk akamrukia shingoni, amevaa gauni la kitenge sare na la Sellah, na maneno yote yakarudi Lodwar.

"Nimeambia watu wote," Abuk alisema. "Shangazi tangu jana hajakula vizuri. Anasema leo atasikia mama yangu ndani ya sauti yangu."

"Abuk, kuna kitu kidogo..."

"Utaniambia baadaye, dada. Watu wanangoja."

Na Sellah, Mungu amsamehe, akashukuru.

Kanisa lile lina desturi yake: wimbo mpya si wa mtu mpaka jamaa wa mwimbaji aupokee. Mama yake, au yule aliyemlea, husimama wa kwanza na kuinua msalaba wake wa mbao, ndipo vigelegele vianze. Kabla ya hapo hata mchungaji hapigi makofi. Aliyemlea Abuk ni shangazi yake huyo, Mama Ayak, mwanamke mrefu hata akiwa ameketi, naye alikuwa benchi la mbele, msalaba tayari mkononi.

Kwa ombi la Abuk, wimbo wa tatu ukachezwa kwanza. Sauti nzito ikajaa chini ya mabati. Abuk akakunja uso kidogo, kisha akatabasamu, akamnong'oneza Sellah kwamba kumbe studio inaosha mtu hivi, amejisikia kama si yeye.

Kiitikio kilikuwa kimeanza, *sikia, sikia sauti ya msafiri*, na kwa mara ya kwanza Sellah akasikia kile ambacho yeye na Byron na mashine zao zote hawakukisikia. Kila s ilitoka kali, safi, kama wembe mpya. Akamtazama Abuk aliyekuwa akifuatisha maneno. Meno yake ya mbele ya chini hayapo. Yaling'olewa utotoni kule kwao, kama ilivyo desturi ya Wadinka wengi, na kila s yake hupita pale penye pengo na pumzi laini. Sellah alikuwa ameizoea pumzi ile kiasi cha kuisahau.

Wimbo ukaisha. Kanisa zima likamgeukia Mama Ayak.

Mama Ayak alibaki ameketi. Msalaba ulikuwa umeshuka mapajani.

Mchungaji Mawien akakohoa. Kina mama wakaangaliana. Abuk akasogea mbele, akauliza kwa Kidinka, kisha kwa Kiswahili ili mgeni wake asiachwe nje, kama amekosea kitu.

"Wewe hujakosea," Mama Ayak alisema. "Nauliza tu. Nani ameimba?"

Alikuwa anamtazama Sellah. Nafasi ilikuwa ile, imefunguliwa kama mlango. Sellah akasikia kinywa chake kikisema, "Ni Abuk, mama. Mashine za siku hizi husafisha sauti."

"Mashine."

"Ndiyo, mama."

Mama Ayak akasimama. Msalaba hakuuinua.

"Mwanangu, siku wanatoa meno ya huyu, mimi ndiyo nilishika kichwa. Damu yake ilijaa kwa hii mikono. Sauti ya huyu, najua mahali inapitia." Akaelekeza kidevu kwenye spika. "Huyo wa ndani iko na meno yote."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akagundua yuko peke yake.

Abuk akageuka polepole, akamtazama Sellah mdomoni. Sellah akaufunga.