Aliyeketi Kwenye Nyasi Kuukuu

Neno lile nililisikia kwenye mashine ya kusaga, likanikwama kama mwiba wa samaki. Wanawake wenzangu walisema nyumba ikiacha kusali, Mungu anahama. Hapigi kelele, anahamia kwa jirani tu, na akishahama harudi. Mama Rweyongeza akanigeukia: Ndiyo maana kuku wa jirani yako Mama Kokuhumbya wanataga kupita kiasi! Baraka zako zimehamia kule, Mama Kemilembe. Tukacheka wote, na mimi nikacheka kuliko wote, lakini nilirudi nyumbani unga kichwani na moyo mzito kuliko unga. Maana tangu msimu wa kahawa uanze, sala ya jioni kwangu ilikuwa imekufa, na jumuiya walipotaka kuja kusali kwangu niliwaambia wangoje kwanza nikate nyasi mpya za kutandika sakafuni. Kwetu mgeni wa heshima hakalishwi kwenye nyasi za zamani. Basi kila wiki nikawa nasema wiki ijayo. Na mwanangu Kemilembe kifua kilikuwa kinambana. Nikajiuliza, kama Mungu kahama, mtoto huyu analindwa na nani?

Mchana huo huo namenya ndizi, Kemilembe amelala mapajani pangu, macho yananilemea, kisu kinaniponyoka, nainama kukiokota, na pale palipokuwa na sakafu pana barabara. Nyekundu, ndefu, inakwenda na kurudi na kwenda tena. Kemilembe nimemshika mkono na mkono mwingine una mundu, nami najua bila kuambiwa kwamba namtafuta Mungu alikohamia, nimrudishe. Mbele yetu anatembea mtu asiye na uso, pale pa uso ni laini kama yai. Shikamoo, namwambia. Marahaba, mama. Namuuliza, Mungu amehamia wapi? Ananijibu: Mgomba ukiinama, mwenye shamba anahama, au anakwenda kukata mti wa kuuegemeza? Jamani, namwambia, mimi nimeuliza njia, mtoto anaumwa, wewe unaniletea vitendawili! Anacheka, ingawa mdomo hana, anaendelea na safari. Barabara inatuingiza kwenye mji ambao kuta zake ni mabati mapya yanayong'aa, na kila nyumba ni nyumba yangu, na katika kila ukuta niko mimi, nimeinama nakata nyasi. Nachungulia mlango wa kwanza, nyasi mbichi zimetandikwa vizuri, hakuna mtu. Mlango mwingine, nyasi mbichi zaidi, hakuna mtu. Najua basi, nyasi zangu hazitoshi, naanza kukata, na kila ninapokata barabara inarefuka, na kila inaporefuka nakata. Kemilembe anakohoa. Mama, miguu inauma. Vumilia, mwanangu, tumalize fungu hili. Mama, ulisema hivyo na jana. Anapita mwingine asiye na uso, namuuliza, bado kiasi gani? Anasema: Aliyekwisha kuketi hupungukiwa nini ukichelewa kutandika? Nami bado sielewi, nakata tu, mpaka nahisi kiganja changu kitupu. Mtoto ameniachia mkono. Nageuka, mji mzima ni mimi na mundu, yeye haonekani popote. Namwita mpaka sauti inakatika. Natupa nyasi, natupa mundu, nakimbia kuifuata sauti ya kukohoa, na kikohozi kinanipeleka kwenye nyumba ya mwisho, mlango mbovu kama wangu, nyasi kuukuu, zimelala, zina vinyesi vya kuku. Kemilembe amekaa humo, anachezea miguu ya mtu. Mama, yupo! Sithubutu kuinua macho. Naona nyayo tu, na vipande vya nyasi zile chakavu vimezishika, kama za mtu aliyekaa muda mrefu. Nasema, Baba, nisamehe, sijatandika. Anasema, kaa kwanza, umechoka. Nauliza, ulirudi lini? Anasema, sijatoka. Hata mlipokuwa mashineni nilikuwa hapa na mtoto. Ile ya kuku ilinichekesha. Nalia na kucheka pamoja, nataka kusali, maneno yamenipotea yote, na Kemilembe ananianzishia, anakosea, anaruka mstari, na Yule anaitikia amina vile vile, kama kwamba hakuna lililorukwa.

Naamka, au nadhani naamka. Ndizi zimekuwa nyeusi kwenye sinia. Kemilembe mapajani pangu anapumua taratibu, kifua hakilii. Vidole vyangu vinanukia nyasi zilizokatwa sasa hivi, na mimi siku hiyo sikugusa nyasi. Anafumbua macho, ananiuliza, Mama, leo tunasali? Sijui hata sasa kama aliniuliza huku au kule. Nilimpigia Mungu magoti pale pale kwenye maganda, tukasali, na jumuiya nikawaita kesho yake waje hivyo hivyo.

Mama wenzangu, nawaonya kwa upendo. Epukeni haya:

Kungoja nyumba itengemae ndipo mkaribishe sala.
Kuamini maneno ya mashineni kuhusu Mungu kuliko kumuuliza mwenyewe.
Kuacha kusali kwa aibu ya kuwa mliacha kusali.
Kukazana na kazi za Mungu mpaka mkono wa mtoto unaponyoka.
Kumwambia wiki ijayo mtoto anayeomba msali leo, hata kama ndizi bado hazijaiva.