Mapigo Yasiyokosea

Mashine ya kusaga nafaka ilikuwa ya ndugu wawili. Mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge naye akaitika, alikaa kwenye kiti cha chuma akimimina nafaka. Kiti cha mbao kilishavunjika chini yake. Mdogo alikuwa fundi wa injini, na injini alizipima kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho kayafumba.

"Inayodunda sawasawa haina ugonjwa," alizoea kusema. "Inayositasita ndiyo ya kufungua."

Bonge alipoanza kuhema akiwa amekaa tu, moyo ukimwenda mbio hata usingizini, mkewe alikuja mashineni.

"Shemeji, mwambie kaka yako twende hospitali. Mimi nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

"Hospitali ya nini na fundi yupo?" Bonge akacheka, tumbo nalo likacheka. "Njoo, mdogo wangu, lisikilize hili lori."

Fundi akamgusa kifuani kwa bisibisi, kwa utani. Kisha akaiweka kando, akalaza sikio lenyewe. Du, du, du. Haraka, ndiyo, lakini hakuna pigo lililotangulia wala lililochelewa.

"Kaka, hii imetoka kiwandani jana! Haikosei hata chembe."

"Umesikia, mama watoto? Fundi kapitisha."

Mkewe akaondoka. Hospitali hawakwenda.

Miezi ikapita, miguu ikavimba, na asubuhi moja Bonge akaanguka kando ya mashine, debe la mahindi likammwagikia. Wanaume wa mtaa walihangaika kumwinua, na safari hii hakuna aliyetania.

Wodini, daktari alikunjua karatasi ndefu ya mapigo. Fundi aliona vilele vimepangana kama meno ya gia.

"Mbona yako sawasawa, daktari? Si nzuri hiyo?"

"Ndio ubaya wenyewe. Moyo wenye afya hufuata pumzi: ukivuta hewa unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza. Kuna mishipa ya fahamu inayouhimiza na mingine inayouzuia. Unene wa miaka mingi umeidhoofisha ile ya kuzuia. Ya kuhimiza imebaki bila mpinzani, na moyo umekimbizwa usiku na mchana."

"Basi atapungua. Atatembea. Nitatembea naye mimi mwenyewe."

"Angekuja mapema, tungesema hivyo. Wengi wakipungua, mishipa hiyo hupata nguvu tena. Lakini sasa misuli ya moyo wenyewe imechakaa." Daktari aliikunja karatasi polepole kuliko ilivyohitajika.

Mke wa Bonge alikuwa ng'ambo ya kitanda. Angemtukana fundi, ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Maji yamezidi unga, shemeji," akaendelea kukisugua kidole cha mumewe, kilichovimba mpaka pete imezama.

Bonge akafumbua jicho. "Mdogo wangu. Bado haikosei?"

Fundi alitafuta uongo, akakosa. "Haikosei, kaka."

"Nilijua," akasema Bonge kwa fahari, akafumba.

Kifaa cha kupima mapigo kilicho kichwani pa kitanda kiliendelea: ti, ti, ti. Pumzi ya kaka yake ilipanda, ikashuka, na mapigo hayakuijali. Fundi akainama mpaka midomo ikagusa shuka.

"Kosea, kaka," akanong'ona. "Kosea hata mara moja."

Ti, ti, ti. Sawasawa.